Kupinda si kukunja: namna ya kuyatofautisha kabla chuma hakijakatwa

Kwenye karakana yangu hapa Chang'ombe, Dodoma, kuna kipande cha flatibaa, yaani chuma bapa kirefu, kimeegemea ukuta tangu mwaka juzi. Urefu wake ni mita 3 na sentimita 23, na kimekunjwa katikati kama paa la kibanda. Mteja akikiulizia bei namwambia hakiuzwi. Kijana mpya akija kujifunza kazi, kabla sijamwonyesha mashine ya kuchomelea, namwonyesha hicho.

Kisa chake ni hiki. Mama mmoja mstaafu alikuwa anajenga Ipagala. Alishanilipa nusu ya pesa ya geti, siku hiyo akanipigia simu: "Fundi, lile geti juu usiliache bapa. Kunja kidogo, katikati papande kama sentimita sitini." Nikajibu kama tunavyojibu mafundi wote, "Sawa mama, nimekuelewa." Geti lilikuwa na upana wa mita 3. Nikaweka chaki katikati ya flatibaa, nikakunja, nikachomelea. Kila upande ukawa na mita 1 na sentimita 61 na ushee.

Mama alipokuja nikamwamkia, akaitikia, akalizunguka geti mara mbili bila kusema neno. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilitaka upinde. Hili ni paa la banda la kuku."

"Mama, ulisema nikunje."

"Nilisema kunja. Sikusema vunja."

Vijana wangu walicheka mpaka mmoja akaweka grenda chini. Mimi sikucheka, kwa sababu nilishaanza hesabu kichwani. Upinde wa kimo cha sentimita 60 juu ya geti la mita 3 unataka chuma cha mita 3 na sentimita 31. Changu kilikuwa pungufu kwa sentimita 8, na flatibaa si unga wa chapati, kwamba utaisukuma irefuke. Nilinunua nyingine kwa pesa yangu. Sikumlaumu mama, maana yeye alisema kama watu wanavyosema barabarani. Fundi ni mimi, na kuuliza ilikuwa kazi yangu.

Tangu hapo nimekuwa mkorofi wa maneno haya mawili. Nimewasikiliza wajenzi, fundi cherehani (ambaye ni mke wangu, kwa hiyo sina pa kukimbilia), bodaboda, wauza samaki wa Majengo, mpaka daktari. Haya ninayoandika hapa ndiyo ninayowafundisha vijana, na ningependa wateja nao wayajue kabla hawajapiga simu.

Anza na chaki

Swali la kwanza ninalouliza: je, ninaweza kuweka alama ya chaki nikasema "ni hapa"?

Kitu kikikunjwa, pana mahali pake. Karatasi ina mstari wa kukunjia, shuka lina mkunjo, na bati la kutengenezea gata lina ukingo ambao fundi aliupiga nyundo. Kabla ya kukunja pande zote mbili zilikuwa nyoofu, na baada ya kukunja bado ni nyoofu, ila sasa zinatazamana au zimelaliana. Badiliko lote limekaa kwenye mstari mmoja.

Kitu kikipinda, badiliko limesambaa. Mti uliosukumwa na upepo miaka kumi umepinda, lakini hakuna mtu anayeweza kuonyesha kwa kidole ulipoanzia. Ndivyo ulivyo upinde wa kuwindia, ule wa ndege na swala ambao wazee wetu wa Kigogo waliutengeneza kwa fito. Ndivyo ulivyo na upinde wa mvua, ambao mwaka ukiwa mbaya hapa Dodoma unaweza kuuona mara chache kuliko unavyomwona mkwe. Tafuta kona kwenye upinde wa mvua uone kama utaipata.

Kwa hiyo kwenye kazi ya chuma, nikisikia "kunja" naweka mstari wa chaki juu ya chuma chenyewe. Nikisikia "pinda" naacha chuma kwanza, nachora sakafuni.

Mfano ambao haujawahi kunishinda kumwelewesha mtu ni mpira wa maji. Kila nyumba ya Dodoma inaujua mpira, maana maji yakitoka kwa zamu watu wote wanakimbilia kujaza madumu na matangi. Mpira ukizunguka pembe ya nyumba umepinda, na maji yanapita. Mtu akiukanyaga au ukijisokota mpaka kuta zake za ndani zikagusana, umekunjika, na maji yamekatika. Mtoto akipiga kelele kutoka uani, "Mama, mpira umekunjika!" hakuna anayekwenda kutazama kama una umbo zuri. Wanakwenda kuunyoosha.

Jambo hilihili ndilo linalomsumbua fundi wa mabomba. Bomba la chuma ukilipinda hivihivi, upande wa ndani unabonyea, na badala ya kupinda linakunjika. Dawa yake ya zamani ni mchanga: lijaze mchanga mkavu, ziba ncha zote mbili, ndipo upinde polepole. Mchanga unazuia kuta zisikutane. Yaani kazi yote ile ya kujaza na kushindilia ni ya kuhakikisha kwamba kitenzi kimoja hakigeuki kuwa kingine.

Uliza kitarudishwaje

Chaki ikikushinda, tumia kipimo cha pili. Fikiria unataka kukirudisha kitu kilivyokuwa. Utasema neno gani?

Ukikunja shuka, utalikunjua. Mkeka, mwavuli na kiti cha kukunja ni hivyohivyo. Kiswahili kina mkia ule wa -ua unaofungua kilichofungwa: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Kinachokunjwa kina tabia ya kukubali kurudi, na mara nyingi kimekunjwa ili kije kikunjuliwe.

Sasa jaribu na pinda. Msumari umepinda, unataka uwe sawa. Utasema "nipindulie huu msumari"? Husemi. Utasema "ninyooshee". Kupindua ni jambo jingine kabisa: chapati hupinduliwa kwenye kikaango ili upande wa pili uive, mashua hupinduliwa na wimbi, na serikali hupinduliwa, kama wanavyoadhimisha Wazanzibari kila Januari 12 tangu ile ya 1964. Ukimwambia kijana "pindua hiyo flatibaa" ataigeuza upande wa pili na kukuangalia akisubiri amri inayofuata. Atakuwa sahihi.

Kwa hiyo kilichokunjwa kinakunjuliwa, kilichopinda kinanyooshwa. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na ndicho kingeniokoa siku ile. Ningejiuliza tu: huyu mama akibadili mawazo, atasema nilikunjue geti lake? Hata kulitamka kunachekesha.

Uliza nani kafanya

Kipimo cha tatu ni nyeti zaidi, kwa sababu kinaingia kwenye lawama na pesa.

Kupinda hakuhitaji mtu. "Waya umepinda", "mlango umepinda", "ubao umepinda kwa jua". Kitenzi kinasimama chenyewe, na hakuna anayeshtakiwa. Mbao mbichi ikianikwa kwenye jua la hapa itapinda yenyewe, na seremala atakuambia hivyo kwa uso mkavu.

Kukunja kunadai mtu. Hatusemi "karatasi imekunja" tukaishia hapo, maana msikilizaji atauliza imekunja nini. Ni lazima iwe imekunjwa, na hapo pana mtu, au imekunjika, au imejikunja kama jongoo aliyeguswa. Ndiyo maana mteja akiniandikia "fundi, grili ya dirisha imekunjwa" moyo unanidunda: kuna mtu kajaribu kuingia usiku. Akiandika "grili imepinda" napumua kidogo, ingawa najua sasa lawama inakuja kwangu, kwamba nilitumia chuma chepesi.

Ukitaka kuweka mtu kwenye kupinda, pinda yenyewe inatosha ("nimepinda waya"), au unatumia pindisha. Lakini pindisha imechukua harufu ya ubaya. Watu hupindisha sheria, hupindisha maneno ya mtu, hupindisha hesabu za kikundi. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba katibu wa kikundi "amekunja sheria". Sheria ingekunjwa ingebaki nzima, imewekwa mfukoni tu. Ikipindishwa bado inaonekana kama sheria, ila inaelekea kwingine.

Mwili unasemaje

Hapa ndipo tofauti inapokuwa si mchezo. Daktari akikwambia "kunja mkono", anataka uukunje kwenye kiwiko, na baadaye atakwambia "nyoosha". Hapo maneno yangu ya kipimo cha pili yanaingiliana, kwa sababu mkono uliokunjwa unaweza kukunjuliwa na pia kunyooshwa. Mwili una ruhusa zake. Lakini mtu akisema "mkono wake umepinda", hakuna kiwiko kinachohusika. Ni mfupa. Pengine ulivunjika ukaunga vibaya, au mtu alizaliwa hivyo.

Kanuni yake ni rahisi. Penye kiungo tunakunja: goti, kiwiko, vidole mpaka viwe ngumi. Pasipo na kiungo, kikiacha unyoofu kimepinda. Kijana wangu mmoja aliteleza na pikipiki barabara ya Hombolo, akanipigia kusema, "Mzee, mguu hauwezi kukunja." Nikamuuliza, "Haukunjiki au umepinda?" Akajibu haukunjiki. Nikajua ni goti limevimba, tutafute usafiri twende kwa utaratibu. Angesema umepinda ningemwambia asisogezwe hata kidogo mpaka aje mtu anayejua kufunga mfupa.

Mgongo uko katikati. Una vifupa vingi vyenye viungo, lakini tunausemea kama fito: mgongo umepinda, mzee amepinda mgongo kwa jembe. Ndipo likatoka na lile neno kujipinda, yaani kujitahidi kwenye kazi. Kujikunja ni kinyume chake kabisa. Anayejikunja ana baridi, au tumbo linamuuma. Ukimsifu mfanyakazi wako kwamba "anajikunja sana" wenzake watadhani ana madonda ya tumbo.

Miguu ya matege na kibiongo vina majina yao wenyewe, naviacha hapo.

Mke wangu na pindo

Nilipojidai nimemaliza kanuni, mke wangu alinyanyua sketi aliyokuwa anashona. "Hili chini linaitwaje?"

"Pindo."

"Nimelifanyaje?"

"Umelikunja," nikasema, kisha nikanyamaza.

Fundi cherehani hupinda pindo. Na anavyolipinda ni kwa kukunja kitambaa mara mbili, kisha kushona juu yake. Mstari upo, chaki ya fundi nguo ipo, pande zimelaliana, kila kitu kinasema kunja, na bado neno ni pinda. Ukimpelekea suruali ndefu unamwambia "nipindie hapa chini". Ukimwambia "nikunjie" anaweza kuikunja vizuri akakurudishia mezani, ukaiweke kabatini.

Nimelifikiria sana hili, na maelezo yangu ni ya fundi chuma, si ya chuo. Naona kwamba kwenye nguo kukunja ni kwa muda. Mikono ya shati unaikunja asubuhi, jioni unaikunjua. Shuka unalikunja, usiku unalitandika. Pindo halikunjuliwi, ukilitaka lirudi inabidi ulifumue, yaani utafute wembe. Kwa hiyo kitambaa kilichobadilishwa umbo moja kwa moja kimeingia upande wa kupinda, kama msumari. Mke wangu anasema nimejitungia. Lakini hana maelezo mengine, na marinda ya ile sketi alinikataza kuyagusa.

Barabarani

Ukitaka kusikia maneno haya yakitumika kwa usahihi bila mtu kufikiri, panda bodaboda. Dereva wa kwetu akielekezwa "fuata barabara inavyopinda", anabaki kwenye barabara ileile. Akiambiwa "ukifika dukani kunja kushoto", anaiacha barabara moja na kuingia nyingine. Wengine husema "kata kushoto", ni mamoja. Barabara inapinda, dereva ndiye anayekunja. Mara nyingi mgeni anapotea Nkuhungu au Kisasa kwa sababu aliyemwelekeza alisema "unapinda kidogo" akimaanisha kona. Mgeni akafuata lami mpaka mwisho wake.

Reli nayo husemewa hivyohivyo. Reli hupinda, haikunjwi. Ile reli ya zamani ya Wajerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914 ina mapindo ya kubana sana, hasa inapopita mabondeni upande wa Gulwe na Kidete, na mafuriko ya huko yameshaiharibu mara nyingi. Reli mpya ya umeme imesanifiwa kwa mwendo wa kilometa 160 kwa saa, kwa hiyo mapindo yake ni mapana mno. Ukikaa dirishani unaona kichwa cha treni mbele kwa muda mrefu, huku mwili wako hausikii kitu. Fundi chuma anapenda mambo kama hayo. Pindo pana ni pindo linalosamehe.

Uso na samaki, kwa haraka

Anayekunja uso amenuna, na mstari wa chaki unauona katikati ya nyusi. Ndiyo sababu mtu mchangamfu anaitwa mkunjufu, na wageni tunawapokea kwa ukunjufu, uso ukiwa umekunjuliwa kama mkeka wa kukalia. Hakuna "mpindufu". Wazo likiwa halijanyooka tunasema limepotoka au limekwenda kombo, na vijana siku hizi wakimwona mtu asiyeeleweka wanasema "jamaa amepinda".

Methali nayo inasema samaki mkunje angali mbichi. Kwa nini si mpinde? Nenda Majengo ukawatazame kambale wakavu. Wengi wamezungushwa mkia ukafikishwa kichwani kabla ya kubanikwa. Ncha mbili zimekutana, kwa hiyo ni kukunja, ingawa mgongo wa samaki umefanya duara. Kwa hiyo ongeza hili kwenye kanuni ya chaki: ncha zikikutana, hata bila mstari, Kiswahili kiko tayari kusema kunja. Nyoka naye akijiviringa hujikunja.

Ukienda kwenye kamusi utakutana pia na kupeta, kwa maana ya kupinda kitu kiwe kama duara. Neno zuri, lakini usilitumie Dodoma. Ukimwambia mtu akupetee, ataleta ungo na mchele.

Wajenzi na nondo zao

Hapa nakiri kwamba kanuni zangu zinachafuliwa kila siku. Kwenye saiti utasikia "kunja nondo" na "pinda nondo" kwa kazi moja, kwenye sentensi moja, na jengo linasimama. Lakini sikiliza kwa makini. Ringi za nguzo, zile za pembe nne za nondo ya milimita 8, karibu kila mtu anasema "kukunja ringi", kwa sababu zina kona nne na kila kona ilipigiwa alama. Nondo zilizoshuka kwenye lori zikiwa zimelegea kama tambi zinaitwa "zimepinda", na hapo hakuna aliyekusudia.

Ringi ya sentimita 15 kwa 15 inakula sentimita 60, kisha unaongeza za ndoano mbili za mwisho. Ndoano hizo ziingie ndani kuelekea katikati ya nguzo, zisiachwe zimesimama kwenye pembe ya mraba tu. Nondo ikishakunjwa usiikunjue ukaikunja tena mahali palepale. Chuma kinachoka, na uchovu wake hauonekani kwa macho.

Na mlango ukitakiwa uwe wa mviringo juu, neno la Kiswahili ni tao, ingawa wajenzi wengi wataliita achi. Tao limepinda. Kofia ya bati inayokaa juu kabisa ya paa imekunjwa. Ukivijua hivi viwili, umeshajua kumweleza fundi sura nzima ya nyumba yako kutoka chini mpaka juu.

Unavyomwagiza fundi

Kwanza, usitegemee neno peke yake, hata kama umelisoma hapa. Sema neno, kisha taja vipimo viwili: upana na kimo cha katikati. "Juu ipinde, upana mita 3, kimo sentimita 60." Fundi akisikia "ipinde" atajua ni mzingo, na kimo kitamwambia uinuke kiasi gani. Ukisema "juu ikunjwe katikati, kimo sentimita 60", atajua ni pembe. Vipimo ni vilevile, chuma kinatofautiana kwa sentimita 8, na mimi ninao ushahidi ukutani.

Pili, ukisema "dizaini ya kisasa" umeshapotea. Hiyo haina chaki wala kimo.

Tatu, kwa fundi mwenzangu anayeanza: kupinda upinde kama ule, usijaribu kwa macho. Pigilia msumari sakafuni, funga kamba yenye chaki kwa urefu wa mita 2 na sentimita 17 na nusu, chora mzingo. Hicho ndicho kipimo cha geti la mita 3 lenye kimo cha sentimita 60. Ukitaka cha geti jingine, chukua nusu ya upana uizidishe kwa yenyewe, chukua kimo ukizidishe kwa chenyewe, jumlisha, kisha gawa kwa kimo mara mbili. Kisha pinda kidogokidogo, ukilaza chuma juu ya mchoro kila mara. Zidisha kidogo kuliko mchoro, maana chuma kikiachiwa kinarudi nyuma. Ukipiga nyundo nyingi mahali pamoja utapata kijikona, na kijikona hicho jua likikipiga jioni mteja atakiona kutoka ng'ambo ya barabara.

Kukunja ni kwepesi zaidi. Flatibaa nene bana kwenye jiliwa (kile kibanio cha mezani) kwenye mstari wako, ipashe moto ikibidi, piga. Skwea paipu, yaani bomba la pembe nne, kata kwa grenda kipande cha pembetatu upande wa ndani, bakiza ukuta wa nje, kunja mpaka midomo ikutane, chomelea. Kila kazi ya kukunja skwea paipu inaanza na kuikata kidogo. Yule mama alikuwa ananitania aliposema sikusema vunja, lakini kwa skwea paipu hakuwa mbali na ukweli.

Mwezi uliopita alirudi. Anataka grili za madirisha manane. Ujumbe wake uliingia usiku: "Mwanangu, za madirisha pembeni zikunje, juu zipinde. Safari hii nimechora." Chini yake palikuwa na picha ya mchoro nyuma ya kalenda, juu pamepinda vizuri kabisa kama mwezi mchanga, pembe zimekunjwa, vipimo vimeandikwa kwa wino mwekundu. Ila mstari wa chini nao ulikuwa umebonyea kidogo, upande wa kushoto.

Nikampigia asubuhi. "Shikamoo mama. Na hapa chini tunapinda, au kalamu iliteleza?"

Akanyamaza akitazama, nadhani akavaa miwani. "Marahaba. Iliteleza. Hapo nyoosha."